Tofana di Rozes na wifi yangu: simulizi ya via ferrata, Cortina

Tangu niweke picha za helmeti na kamba kwenye WhatsApp, maswali yamekuwa matatu: ni wapi, iligharimu kiasi gani, na inakuwaje mtoto wa Old Moshi, aliyekua akiitazama Kibo dirishani, akatoe hela kupanda jiwe la mita 3225 Ulaya. Mawili ya kwanza nayajibu hapa. La tatu mtanisamehe. Naandika nikiwa nimesharudi Munich, kwa msaada wa daftari, risiti na picha za simu. Picha zinanikumbusha saa, risiti zinanikumbusha maumivu.

Kwa asiyejua, via ferrata ni njia ya kupanda mwamba iliyofungwa kebo nene ya chuma tangu chini hadi juu, na penye ugumu zaidi kuna ngazi au vyuma vya kukanyagia. Kiunoni unavaa mkanda wa kupandia wenye kamba fupi mbili, kila moja na karabina yake, yaani kulabu ya chuma yenye mlango wa kujifunga. Unazinasa kwenye kebo na kwenda nazo. Si lazima uwe mpanda miamba, lakini lazima uwe na mikono, pumzi na kichwa kisichozunguka ukitazama chini. Wengi husema njia hizi zilianzishwa na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Mlima Dachstein kule Austria ulipigiliwa vyuma tangu 1843, kwa hiyo askari walizikuta. Ila huku Dolomiti, kaskazini mwa Italia, ni vita hasa vilivyoijaza milima vyuma.

Tulikuwa mimi, wifi yangu wa Tanga anayefanya kazi Augsburg, na kiongozi mmoja mzee mzaliwa wa Cortina, mji ulio chini ya mlima huo. Mimi namwita wifi, yeye ananiita wifi, na kufikia Jumamosi mzee naye alikuwa anatuita sote wawili "Wifi".

Jumatano: Munich hadi Cortina

Wifi alifika Munich alfajiri akiwa na begi la magurudumu. Tukalifungua pale pale kwenye benchi la kituo, nusu ya vitu ikahamia kwenye mkoba wangu wa mgongoni, nusu ikabaki kwenye kabati la kulipia, pamoja na pasi ya umeme. Sikuuliza pasi ilikuwa ya nini.

Treni ya EuroCity ya kwenda Verona inapita Innsbruck na Brenner. Tiketi niliikata mapema, euro 39 kila mmoja hadi Fortezza. Kituoni utaona pia jina Franzensfeste. Ni hapo hapo, maana jimbo lile linaongea Kijerumani na Kiitaliano. Hapo unabadilisha treni ndogo ya kwenda Dobbiaco, kisha basi la kushuka Cortina, kama dakika hamsini hivi.

Hayo ndiyo maandishi ya ratiba. Sisi tulikuta sehemu ya reli ina ukarabati, abiria tukapakiwa kwenye mabasi, na mabasi yakawa machache kuliko abiria. Tukasimama juani saa nzima na ushee. Tulipofika Dobbiaco basi la Cortina lilikuwa limeondoka na linalofuata lilikuwa la jioni. Mama wa mgahawa wa kituoni aliona tunavyoisoma ratiba kama mtihani, akachukua simu yangu, akampigia mwenye nyumba tuliyopanga, wakaongea kwa kasi wakicheka, akanirudishia na kusema, "Atawasubiri, kaeni mle." Tulikula mkate wenye jibini na kunywa kahawa, euro 11 kwa wote wawili. Maji alitupa bure.

Kwa atakayekuja: Cortina ni ghali, na tangu ipangiwe Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026 haijawa rahisi zaidi. Sisi tulipata chumba kwa mama mmoja nje ya mji, euro 95 kwa usiku kwa watu wawili, na kifungua kinywa. Ukitaka nafuu angalia Dobbiaco au San Vito di Cadore, mabasi yanafika.

Alhamisi: darasa kwenye Averau

Saa mbili asubuhi tulikutana na mzee. Nilitegemea jitu la mabega mapana. Tukakuta mtu mwembamba, amepita sitini, anatembea kana kwamba hana haraka na chochote duniani. Aliongea nasi Kijerumani, na simuni akaongea Kiladini, lugha ya wenyeji wa mabonde yale.

Kwanza alikagua vifaa. Mimi nilikuwa na vyangu, wifi alikodi mkanda, helmeti na kamba kwa euro 22 kwa siku. Kisha mzee akatuuliza uzito wetu mbele ya wateja wengine wanne. Wifi akamtazama. Mzee akaeleza kwamba vifaa hivi vimepimwa kwa mtu wa kilo 40 hadi 120: kwenye kamba kuna kifuko chenye utepe ulioshonwa, na ukianguka ule mshono unafumuka taratibu ili kumeza kishindo. Mwepesi sana haumfumukii, mzito sana unamwishia kabla hajasimama. Wifi akaenda kumnong'oneza. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima zote, na namba hiyo sijaijua hadi leo.

Halafu akakifungua kifuko changu na kuutoa utepe, kuangalia kama mshono uko mzima. Yeyote anayenunua vya mtumba afanye hivyo hivyo: mshono ukishafumuka hata kidogo, kifaa hicho ni cha kutupa. Na usijidanganye na kipande cha kamba ya kawaida. Kwenye mwamba wima, ukiponyoka unashuka na karabina zako hadi kwenye kigingi kinachoshika kebo chini yako, inaweza kuwa mita tatu au nne, na kamba isiyo na kifuko hicho inaweza kukatika.

Alitupakia kwenye Fiat Panda yake ambayo viti vya nyuma vimegeuka stoo ya kamba, hadi Bai de Dones. Tukapanda viti vya kuning'inia hadi Rifugio Scoiattoli, karibu kabisa na minara ya mawe ya Cinque Torri. Mzee alionyesha rundo la mawe: huo ulikuwa mnara mwingine, Torre Trephor, ulianguka wenyewe mwaka 2004. Aliyasema hayo bila kubadilisha sauti, kama anayekuonyesha duka lililofungwa. Rifugio, nieleze kidogo, ni nyumba ya wageni ya mlimani yenye jiko na vitanda. Utalikuta neno hilo kwenye kila kibao.

Via ferrata ya mlima Averau ni fupi, si zaidi ya nusu saa ya kebo, na ndiyo maana aliichagua. Kwenye kigingi cha kwanza alituweka karibu robo saa nzima. Kila baada ya mita chache kebo imeshikwa na kigingi kilichozamishwa kwenye mwamba, na karabina haiwezi kukipita. Unatoa ya kwanza, unainasa upande wa pili, unasikia "klik", ndipo unatoa ya pili. Moja iwe kwenye kebo wakati wote. Alituambia tufanye, tukafanya. Akatuambia tufanye tukiwa tumefumba macho. Akatuambia tufanye kwa mkono wa kushoto huku akituuliza habari za watoto. Wifi alipozitoa zote mbili kwa pamoja, mzee hakupaza sauti. Alimshika mkono, akauweka juu ya kebo, akasubiri.

Na kati ya kigingi na kigingi awe mtu mmoja tu. Wa juu akianguka, wa chini yake ndiye anayepokea viatu.

Tulifika kileleni Averau, mita 2649, jua kali. Wifi alikaa akasema, "Wifi, mbona kwenu Kilimanjaro hamkuwahi kuniambia kuna raha hii?" Nikamjibu kwetu hakuna kebo, kuna wagumu. Baba yangu alikuwa mmoja wao, amebeba mizigo ya wageni njia ya Marangu miaka mingi. Hilo ndilo lililonishangaza huku: hakuna anayekubebea kitu. Mpishi hayupo, hema halipo, na kiongozi amebeba mkoba mdogo kuliko wangu. Nusu siku ya Averau tulimlipa euro 260, tukagawana. Nilipiga hesabu za haraka kichwani za siku ngapi za mgumu hizo, nikaacha katikati.

Ijumaa: mvua

Ilinyesha tangu usiku hadi saa tisa alasiri. Tulilala, tukala, tukalala.

Ilipokatika mzee alikuja na Panda yake akatupandisha kwa barabara nyembamba hadi Rifugio Dibona, mita 2083, chini ya ukuta wa kusini wa Tofana di Rozes. Ule ukuta ni mkubwa mno, shingo inauma kabla hujauona mwisho. Mawingu yalikuwa yanaupanda taratibu na maji yanauchirizika mistari mieusi. Mzee alisimama kwenye maegesho akautazama muda mrefu, kisha akaenda ndani kusoma taarifa ya kituo cha hali ya hewa cha Arabba iliyobandikwa mlangoni. Usiku ungekuwa wa baridi. Hilo alilisoma mara mbili.

Chakula cha jioni kilikuwa polenta na uyoga. Polenta ni ugali, tusizungushane: unga wa mahindi ya njano, umesongwa laini kidogo kuliko wa kwetu. Wifi alikata tonge kwa mkono kabla hajakumbuka yuko wapi, na kijana mhudumu akafurahi, akamletea sahani ya pili bila kuulizwa.

Lakini kwa ndugu Waislamu, tahadhari. Milima hii nyama ya nguruwe imeingia kila mahali, hasa speck, nguruwe wa kukaushwa kwa moshi. Inakatwa vipande vidogo na kutiwa kwenye supu, kwenye mayai, na kwenye canederli, yale madonge ya mkate ambayo ukiyaona hutashuku lolote. Sema "senza maiale" mapema, wakati wa kuagiza, maana supu ikishapikwa imepikwa. Wifi alisema hivyo, mpishi akatoka jikoni mwenyewe kuhakikisha ameelewa, akampikia canederli ya mchicha na jibini.

Mengine ya rifugio: weka nafasi kwa simu wiki kadhaa kabla, njoo na shuka lako la kushonwa kama mfuko kwa sababu ni lazima, njoo na fedha taslimu, na vua mabuti mlangoni. Kitanda, chakula cha jioni na chai ya asubuhi tulilipa euro 75 kila mmoja. Ukiwa mwanachama wa chama cha wapanda milima cha Ujerumani, Austria au Italia unapunguziwa bei ya kitanda. Taa huzimwa saa nne usiku, na hapo ndipo utakapojua nani anakoroma.

Jumamosi: Lipella

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa njiani na tochi za kichwani. Njia inafuata chini ya ukuta wa kusini, mawe yanamung'unyika chini ya buti, kama saa moja hivi, hadi kwenye ngazi ya chuma inayoingia kwenye tundu. Ndilo handaki la Castelletto.

Hapa nitakaa kidogo.

Kuanzia Mei 1915 hadi mwishoni mwa 1917 mstari wa vita kati ya Italia na Austria ulipita kwenye vilele hivi. Waustria walikuwa wamejichimbia kwenye jabali linaloitwa Castelletto, wakaliziba bonde zima kwa bunduki zao. Waitaliano waliposhindwa kuwatoa kwa juu, waliamua kupita ndani ya mlima. Walitoboa handaki la karibu mita 500, wakajaza tani 35 za baruti chini ya adui, na tarehe 11 Julai 1916, saa tisa na nusu usiku, wakalipua. Mfalme Vittorio Emanuele na Jenerali Cadorna walikuwa wanatazama kwa mbali. Askari waliotakiwa kushambulia mara moja kupitia handaki walikutana na moshi wa sumu wa mlipuko wao wenyewe, wengine wakaanguka humo humo.

Ndani ni giza, kunateleza, kunapanda kwa mwinuko mkali, na maji yanadondoka kwenye helmeti. Ngazi za mbao chini ya miguu, kebo mkononi, na ukutani mistari ya patasi bado inaonekana, imelala pamoja kwa mlalo mmoja, kwa hiyo unajua mchimbaji alisimama wapi na alitumia mkono gani. Niliweka kidole kwenye mmoja wao. Machi mwaka huo huo wa 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na Tanga kwao wifi walikuwa wameshapigana tangu Novemba 1914. Nilimweleza mzee hayo tukipumzika. Alinyamaza, kisha akauliza, "Huko nako walitoboa milima?" Nikamwambia huko waliwabebesha watu. Akasema babu yake alibebeshwa pia, kuni na risasi, kwenye mlima huu huu.

Tulitokea upande wa magharibi, mwanga ukatupiga usoni. Kutoka hapo unafuata rafu ya mwamba, unashuka kidogo, na kebo ya Lipella, via ferrata ya Tofana di Rozes, inaanza.

Sitaeleza kila hatua. Ni kupanda, kisha kutembea ubavuni kwenye rafu, kisha kupanda tena, kwa masaa. Mikono ilianza kulalamika kabla ya miguu, maana mgeni hujivuta kwa kebo badala ya kukanyaga. Mzee alirudia neno moja tu, "miguu", hadi tukaanza kulisikia hata alipokuwa kimya. Upande huu haupati jua asubuhi. Mwamba ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya jana, glavu zikalowa, zikanuka kutu. Wifi alifungwa kamba fupi na mzee, mimi nikafuata nyuma. Chini yetu bonde la Travenanzes lilikuwa la kijani na tupu, na sauti pekee ilikuwa ya karabina: klik, klik, hatua, klik, klik.

Penye mwinuko mmoja wifi alisimama. Buti moja kwenye chuma, jingine hewani likitafuta. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wifi, hapa nimefika mimi." Nilianza kumtia moyo kwa maneno mengi. Mzee aliniashiria ninyamaze, akashuka hadi sawa naye, akagonga mwamba kwa kidole mahali ambapo mimi sikuona kitu. Mguu ukaenda pale. Kulikuwa na kijirafu cha upana wa sanduku la kiberiti, na kilitosha.

Saa nne na robo tulifika Tre Dita, vidole vitatu vya mawe kwenye mita 2694. Hapa njia inagawanyika. Unaweza kutoka na kutembea hadi Rifugio Giussani, au unaweza kuendelea na sehemu ya pili, inayozunguka kuta zilizopinda kama uwanja wa mpira na kutokea kwenye ukingo wa kilele. Hali ya hewa ilikuwa safi, anga ya bluu kama ya tangazo la sabuni. Mimi nilishaanza kukaza helmeti.

Mzee alitunasa sote kwenye kigingi, akatumiminia chai, akasema tumsubiri. Akapanda peke yake, akapotea nyuma ya kona. Alirudi baada ya muda wa chai kupoa, akavua glavu, akamwekea wifi kitu kiganjani. Kilikuwa kipande cha barafu, kirefu kama kidole, cheupe upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa kimechimbika mfereji, na ndani ya mfereji ule nyuzi za kebo zilikuwa zimejichora zote, zimesokotana, safi kama chapa kwenye nta. Alikuwa ameibandua kwenye kebo yenyewe.

"Iko hivi hadi wapi?" nikauliza.

"Nilipofika, na juu yake inang'aa. Jua litafika huko alasiri. Sisi tunatoka hapa."

Nilijaribu. Nikasema tuna muda, tunaweza kusubiri. Akasema alasiri kuna mawingu, na kwenye kebo ya chuma radi haichagui. Nikasema tumetoka mbali. Akasema anajua. Hakueleza zaidi na hakuomba radhi, akaanza kukunja kamba. Wifi, ambaye ndiye aliyekuwa ananung'unikia bei tangu Munich, alikuwa bado anaitazama ile barafu ikiyeyuka. Akasema, "Wifi, twende zetu."

Siku hii ndiyo ilikuwa ya euro 440. Nimeulizwa na watu wawili kama tulidai punguzo kwa kuwa hatukumaliza. Hatukudai. Unayemlipa anapanda mita chache peke yake na kurudi na jibu, na jibu lenyewe lina bei ile ile likiwa ndiyo au hapana. Nadhani kwetu pia viongozi wengi wangependa wageni wawalipe kwa akili hiyo, badala ya kuhesabu kilele tu.

Kabla ya saa sita tulikuwa Giussani, mita 2580, tukila maandazi yao ya tufaha. Karibu na hapo, kwenye Fontananegra, ndipo Jenerali Cantore wa Italia alipouawa kwa risasi Julai 1915. Mzee alikula supu, akatuonyesha kwa kidole njia ya kawaida ya miguu inayopanda kileleni kutoka nyuma ya nyumba, akasema kesho tuipande wenyewe, jua likishatoka vizuri, na mawingu yakigusa kilele cha jirani turudi popote tutakapokuwa. Akatupa mkono, akashuka kwenda kwa wateja wengine. Alasiri ile radi ilipiga. Tulihesabu tukiwa dirishani.

Jumapili: kileleni kwa miguu

Njia ya kawaida haina kebo ya kukushughulisha. Ni mawe yaliyolegea, alama nyekundu, vichuguu vya mawe vilivyopangwa na waliopita, na mara chache unatumia mikono. Giussani hadi juu ni kama masaa mawili. Sisi tulitumia karibu matatu, pole pole ya Kibo haijanitoka.

Tulipanda na mume na mke wa mji wa Belluno, wote wamepita miaka sabini. Hatukupanga, walituona tunasita kwenye alama ya kwanza wakasema njooni. Bibi alikuwa anampa wifi vipande vya tufaha kila tulipopumzika, na kila mara kabla ya kutoa kitu kingine mkobani anauliza kwanza kama anaweza kukila. Mume wake alitangulia mbele bila kugeuka, anaimba.

Kilele kina msalaba na upepo. Kusini magharibi tuliona Marmolada, mita 3343, na barafu yake iliyobaki, ile iliyomeguka Julai 2022 ikaua watu 11. Mzee wa Belluno alituonyesha kwa mkono ilikuwa inafika wapi alipokuwa kijana. Nikamwonyesha picha ya Kibo kwenye simu, ya baba, ya miaka ya themanini, na ya juzi. Alizitazama zote mbili akamwita mkewe naye azitazame.

Waliopanda kwanza Tofana di Rozes ni Paul Grohmann wa Vienna, mwaka 1864, pamoja na viongozi watatu wa Cortina: Francesco Lacedelli, Angelo Dimai na Santo Siorpaes. Majina yote manne yanatajwa pamoja. Shuleni mimi nilikaririshwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, 1889, na wenzetu waliowabebea mizigo waliandikwa "wapagazi", basi. Hili nimelisema kwa sababu lilinikereketa pale juu, na bado.

Tukiwa tunakula, vijana wawili walitokea kwenye ukingo wa Lipella, wamechoka, wanacheka. Barafu ya jana ilikuwa imeshaondoka kwenye kebo. Wifi alinitazama. Nikamwambia asiseme neno.

Kushuka hadi Dibona magoti yaliuma. Kuhusu barabara ya kutoka hapo hadi njia kuu sina la kusema, isipokuwa Wajerumani wawili walitupa lifti na mbwa wao akalala miguuni kwangu.

Jumatatu: kurudi

Basi, treni, treni. Safari hii kila kitu kilifika kwa wakati. Kabla ya Rosenheim, upande wa Ujerumani, maafisa wa polisi walipanda behewani na katika behewa zima wakaomba hati za watu wachache, mnaweza kukisia ni akina nani. Basi ndugu zangu, hata kama ni mlimani kwa siku mbili, pasipoti na kadi ya kuishi viwe mkobani, vyenyewe, picha ya simu haikubaliki.

Hesabu zangu, kwa mtu mmoja: usafiri wote kama euro 110, vitanda na vyakula vya rifugio na Cortina kama 350 (Jumapili tulilala tena kwa yule mama), viti vya kuning'inia 22, nusu yangu ya kiongozi kwa Averau na Lipella 350. Jumla karibu euro 830. Wifi aliongezea za kukodi vifaa. Ungeenda na kundi la watu wanne ungepunguza hela ya kiongozi, ila ungepunguza pia muda wake na wewe, na kwa anayeanza sishauri.

Msimu mzuri ni Julai hadi Septemba. Mapema zaidi ule upande wa Lipella huwa bado una theluji. Na kabla ya kupanda uliza ofisi ya viongozi pale Cortina kama njia iko wazi, maana mawe huanguka na njia hufungwa bila tovuti za watalii kujua.

Vifaa vyangu viko Munich. Anayetaka kuazima aniandikie. Helmeti ni ya kichwa kidogo, na kamba nitaitoa kwa atakayeniambia uzito wake. Ila wiki ya kwanza ya Septemba mwaka ujao haviazimwi, wifi ameshaniandikia ujumbe.